Mama Alitaka Mwenzake wa Kushona Naye

Mwanangu, ipo siku moja isiyonitoka moyoni, nami nataka uijue ningali na kauli.

Tulikuwa tumekwenda Meksiko, mimi na mama yangu, kumtazama dada Zuhura aliyeolewa kule, naye alikuwa amejifungua. Nilikuwa kijana, nimeishia shule ya msingi Unguja, napakia mizigo uwanja wa ndege London. Kusema na watu kulinishinda. Hata kwenye basi, kengele ikiwa mbali, nilikuwa radhi kupitiliza kituo kuliko kumwomba mtu anibonyezee.

Zuhura akatupeleka mji wa kale milimani, uliojengwa na Wahispania zama walipoitawala nchi ile. Njia za mawe, kuta za rangi ya bizari, na kila mlango una fundi wake: huyu vyungu, huyu bati, yule vinyago vya kuchezea ngoma. Mama alipita kama aliyekwisha kuyaona yote. Kisha tukafika penye nyumba moja, wanawake wameketi kibarazani wanatarizi, nguo moja wameitandaza mapajani mwao wote. Mama akasimama. Akatoa mkobani kofia aliyokuwa akiishona, akaketi katikati yao bila kukaribishwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamvuta mkono. "Mama, twende. Hatuwajui hawa."

"Haya zako vaa mwenyewe, usinivishe mimi," akasema. "Mficha uchi hazai, na wewe utakufa tasa!"

Zuhura akacheka mpaka mtoto akaamka. Bibi mmoja akauliza mama kasema nini, Zuhura akamfasiria. Wakacheka wote, mimi nikageukia ukutani.

Walikaa mpaka jua likapinda. Mama aliwaonyesha namna ya kutoboa vitundu na kuvizungushia uzi, nao wakamwonyesha ndege waliokuwa wakiwatarizi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tuondoke Unguja baada ya mapinduzi. Njiani aliniambia taratibu: "Mtaani kwetu kofia haikushonwa na mmoja. Huyu ukingo, yule juu yake, na maneno kati. London nashona na nani, mwanangu? Nitafutie mwenzangu, hata mmoja, kabla macho hayajazimika."

Tuliporudi kwetu Hounslow, magharibi ya London, nikaanza kuuliza. Kwa nilivyokuwa, haikuwa kazi ndogo. Nilisimama mlangoni pa msikiti, jasho linanitoka, watu wananipita. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami nilijifunza polepole, kama ninavyoandika. Mwaka ukapita, mwingine ukaingia. Mwisho muuza samaki mmoja akanielekeza Barking, upande wa pili wa London, kwa Bi Salma, mjane wa Unguja, mshona kofia, ambaye wanawe akiwasemesha humjibu kwa Kiingereza.

Nikampeleka mama. Wakashikana mikono, wakaulizana mitaa na marehemu. Bi Salma akatia uzi kwenye sindano, akampa. Mama akapapasa nguo, akalitafuta tundu, akalikosa. Akapapasa tena. Kisha akairudisha sindano. "Shona wewe, bibi. Mimi nitapiga soga."

Walipiga soga msimu mmoja wa baridi. Miti ilipoanza kuchipua, mama hakuwepo.

Matangani Bi Salma alinishika bega. "Miaka yote ile nilikuwa hapo Barking, peke yangu na sindano yangu. Treni mbili tu, mwanangu. Treni mbili tu."

Basi sikia. Haya ni pambo la mtu, lakini usiifanye kufuli. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mzee akinyamaza ugenini usidhani ametulia. Muulize alikuwa akifanya nini kwao, na nani. Kisha toka ukamtafutie mwenzake, tena utoke leo, mikono yake ingali inaweza. Atakayekucheka mlangoni atakuwa amekusahau kesho, lakini aliyengoja ndani hatasahau.

Mungu akufungue ulimi kwenye kheri. Awape wazazi wako watu wa kuzungumza nao kabla giza halijawafikia, na uzee wako ukufike ukiwa na mtu ubavuni. Amin.