Viatu Vilivyokuwa Mfukoni

Picha ilimkuta Tunu machinjioni Vingunguti, saa nne asubuhi, mikono imezama mpaka viwikoni ndani ya beseni la utumbo. Aliyeileta ni Rukaiya, muuza chai. Alitoka bandani kwake mbio, simu ameinyoosha mbele.

"Mama Mwasiti, hebu ona. Huyu si mwanao huyu?"

Tunu hakuishika simu kwa sababu ya uchafu wa mikono. Aliinama akakodoa macho. Alikuwa Mwasiti kweli, binti yake wa darasa la nne, amesimama nje ya geti la shule na sketi yake ya bluu na shati jeupe. Miguu ilikuwa na tope hadi kwenye ugoko. Viatu vilikuwa vimekatika mbele na vidole vinachungulia. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuka nusu, umeshika mfuko mbadala wa kijani, wa kitambaa.

"Nisomee hayo maneno," Tunu alisema.

Rukaiya akasoma, sauti ikipungua kadiri alivyoendelea. "Miaka tisa. Anakuja shule hivi kila siku. Mama wa huyu binti, popote ulipo, Mungu anakuona. Wadau, tumvalishe mtoto huyu viatu."

Aliyeandika ni Mwalimu Asifiwe, mwalimu wa darasa wa Mwasiti, kwenye ukurasa wake mwenyewe. Popote ulipo! Tunu alikuwa Vingunguti hapo hapo, dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye hilo geti, na namba yake ya simu ilikuwa kwenye daftari la mahudhurio ambalo mwalimu huyo hulifungua kila asubuhi.

Rukaiya alitaka kuizima simu. Tunu akamwambia asome na ya chini. Huko chini watu walikuwa wamejimwaga. Mmoja alisema wanawake wa uswahilini wanajua kuzaa tu. Mwingine alisema mama mwenyewe ukimtafuta utamkuta saluni. Wa tatu akashauri mtoto anyang'anywe, apewe watu wenye roho za kibinadamu. Tunu alisikiliza yote, kisha akarudisha mikono ndani ya beseni na kuendelea kuosha, kwa sababu wateja wa Buguruni walikuwa wanausubiri mzigo. Aliusugua ule utumbo mpaka Rukaiya akamwambia atautoboa.

Sasa tuuzungumzie huo mfuko, maana watu elfu kumi na moja waliitazama ile picha na hakuna hata mmoja aliyeuulizia.

Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu. Viatu vya ngozi, vyeusi, vya mkanda, vipya vya dukani, ambavyo Tunu alivinunua Januari baada ya kuvipita dirishani miezi mitatu. Kulikuwa na soksi nyeupe zilizokunjwa pamoja, na kitambaa cha kufutia miguu. Njia ya kutoka kwao hadi shuleni inashuka bondeni, na masika yakianza bonde linageuka uji. Kwa hiyo Tunu alimfundisha bintiye: unapita topeni na viatu vya zamani, ukifika unanawa miguu kwenye bomba la karibu na geti, unajifuta, unavaa soksi, unavaa viatu vyako, unaingia darasani kama mtoto wa mtu. Vile vya zamani vilikuwa vimembana, hivyo Tunu alivikata ncha kwa kisu chake cha kazi. Alipima vidole, akakata kidogo, akapima tena. Ndiyo maana vidole vilichungulia. Hakikuwa kiatu kilichochakaa, kilikuwa kiatu kilichokatwa kwa akili.

Tena hayo hakuyatunga kwa ajili ya mtoto tu. Ndivyo alivyoishi yeye mwenyewe. Tunu ni mtoto wa Kisarawe, aliletwa mjini na shangazi yake akiwa na miaka kumi na nne, na huyo shangazi ndiye aliyemwingiza machinjioni. Siku ya kwanza watu walimkwepa njiani kwa harufu. Siku ya pili alikuja na nguo za kubadili. Tangu hapo mabuti yake hayajawahi kuvuka ukuta wa machinjioni. Yananing'inia kwenye msumari wake, na aproni kando yake. Akitoka hapo anaoga, anajipaka mafuta ya nazi, anajifunga kanga safi, na ukikaa naye shughulini huwezi kujua kwamba mchana kutwa alikuwa anasugua utumbo taulo, ule wenye vinyweleo. "Kazi ina viatu vyake, na nyumba ina viatu vyake," huwa anasema. Miaka ishirini amelinda jambo hilo moja. Mwalimu mmoja na simu yake wakalichafua kwa mguso wa kidole.

Jioni alimkuta Mwasiti kitandani, amejifunika gubigubi katika joto lile. Viatu vyeusi vilikuwa chini ya kitanda, safi.

"Wananiita Vidole," mtoto alisema kutoka ndani ya shuka. "Darasa zima. Hata wa la pili."

"Mwalimu alikupigaje ile picha?"

"Alisema, wewe, simama hapo hapo, usiende bombani. Niangalie."

"Na wewe hukumwambia kwamba viatu viko mfukoni?"

Mwasiti akatoa kichwa. Macho yalikuwa yamevimba. "Nilimwambia, mama. Nikamwinulia mfuko aone. Akasema shusha mkono, unaziba miguu."

Hapo ndipo Tunu alipoielewa ile picha. Ule mkono ulioinuka nusu, ambao mtu mmoja huko mtandaoni aliuandikia "maskini, mtoto anaomba msaada", ulikuwa wa mtoto anayemtetea mama yake. Alikuwa anasema ninavyo, ninavyo, na akaambiwa ashushe mkono.

Mfaume, mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alirudi na kukuta nyumba imenuna. Alisikiliza hadithi nzima amesimama mlangoni.

"Mke wangu, mwalimu ni mwalimu," alisema. "Ukigombana naye, mtoto ndiye atakayelipia darasani. Acha ipoe. Watu wa mitandaoni wanasahauga upesi tu."

"Wao watasahau. Huyu aliye kitandani je?"

"Sisemi usikasirike."

"Unasema nikasirike kimyakimya. Mie siwezi. Kama wewe unaweza, kasirikia huko huko kwenye mageti yako."

Mfaume aliingia ndani, akamwekea mtoto chai.

Asubuhi Tunu hakwenda kazini. Alivaa baibui lake la Ijumaa, akauchukua ule mfuko wa kijani na kila kilichokuwamo, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Gaspar, mtu mzima mwenye mvi na adabu zake, alinyanyuka alipomwona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Ahsante, sikai. Nimekuja kwa ajili ya picha ya mwanangu."

Mwalimu Gaspar alishusha pumzi. Alikuwa ameiona. Alisema anaelewa uchungu wa mzazi, alisema na yeye ana mabinti, alisema mengi ya namna hiyo, kisha akafika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo. "Lakini, mama, ile si picha ya shule. Mwalimu ameiweka kwenye akaunti yake binafsi. Kwa hiyo ofisi, kwa kweli, haihusiki."

"Akaunti ni yake binafsi," Tunu alisema. "Na mtoto naye ni wake binafsi?"

Mwalimu mkuu akapanga upya makaratasi yaliyokuwa mezani.

"Lile geti ni la nani? Nembo ile ya kwenye shati ni ya nani? Mie nilimleta mwanangu shule, sikumpeleka kwenye akaunti ya mtu."

Akaitwa Mwalimu Asifiwe. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita hivi, mchangamfu, simu haijamtoka mkononi. "Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo, na Tunu akaitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi hata ukiwa na hasira za kuua.

"Mama, mimi nia yangu ilikuwa njema kabisa. Nimeshawapatia watoto watatu viatu kwa njia hii. Hata vya Mwasiti vimeshaletwa, wadau wamejitolea." Alionyesha boksi lililokuwa pembeni ya kabati. Hakuwa anadanganya, na hilo lilimchoma Tunu zaidi. Mtu mbaya unamtukana ukaridhika. Huyu alikuwa na huruma ya kweli, isipokuwa huruma yenyewe haikuwa na subira ya kuuliza swali moja.

Tunu aliufungua mfuko. Alivitoa viatu vyeusi, akaviweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, juu ya makaratasi yake. Akaweka soksi. Akaweka kitambaa.

"Hivi ndivyo viatu vya mwanangu. Siku ile vilikuwa mkononi mwake. Alikuambia, hakukuambia?"

"Mama, kwa kweli sikumbuki kama..."

"Fungua picha yako. Angalia mkono."

Asifiwe akafungua. Akaikuza kwa vidole viwili, kwanza miguu, maana ndiko alikozoea kuangalia, kisha akapanda juu taratibu hadi kwenye mkono. Picha hiyo alikuwa ameing'arisha rangi mwenyewe na kuikata pembeni ili ikae vizuri, lakini mfuko ndiyo kwanza alikuwa anauona. Uso wake ukabadilika. Mwalimu Gaspar alitazama dirishani.

"Nyie walimu mnaona mengi ya watoto wetu," Tunu alisema. "Mnamwona aliyejikojolea. Mnamwona aliyekuja na njaa, na mwenye alama za kipigo. Aibu ya maiti anaijua mwosha. Umeona wapi mwosha anatoka nje na simu?"

Asifiwe alianza kulia. Aliifuta picha pale pale, akamwonyesha Tunu kioo kitupu, akasema nisamehe mama, nisamehe sana.

"Nimesikia. Sasa waandikie wale wale walioiona. Waambie viatu vilikuwa mfukoni, na mtoto alisema, na wewe hukusikiliza."

Binti yule akamtazama mkuu wake. Mwalimu Gaspar akakohoa. "Mama, naomba tuishie hapo. Tukiandika tena tutakuwa tunachokonoa. Watu wataanza kuuliza ni shule gani, na shule itachafuka."

"Ahaa. Mie nichafuke, shule isichafuke."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Ila wewe umesema kwa adabu." Tunu alirudisha viatu mfukoni kimoja kimoja. Mlangoni aligeuka akalitazama lile boksi. "Hivyo mpeni mtoto asiye na viatu, wapo. Na siku ya kumpa, fungeni mlango."

Alitoka amenyooka, na mpaka kufika nyumbani alijiona ameshinda. Mchana Rukaiya akampigia simu. Picha ilikuwa imeibuka kwenye ukurasa mwingine, wa watu wa umbea ambao hakuna anayewajua kwa sura, na safari hii hawakuomba viatu. Walikuwa wanacheka. Asifiwe alifuta yake, lakini yake haikuwa tena ile iliyokuwa inatembea. Yeye hakuandika lolote, siku hiyo wala zilizofuata. Tunu aliitupa simu kitandani, akawalaani wote, wenye majina na wasio na majina, akalia kwa hasira mpaka kwikwi ikamshika.

Siku tatu Mwasiti hakwenda shule. Alibembelezwa, akatishiwa, akaahidiwa chipsi mayai. Jumapili usiku, bila kuulizwa, alisema kesho atakwenda. Tunu hakutaka kuonyesha furaha yake, akajifanya anatafuta dawa ya viatu. Alivisugua vile vyeusi mpaka vikang'aa, akavitia mfukoni pamoja na soksi na kitambaa.

Jumatatu mvua ilianza alfajiri na kukatika saa kumi na mbili. Tunu alimwomba Rukaiya amwambie msimamizi kuwa atachelewa, ili tu amwone mtoto akiondoka. Aliweka mfuko mlangoni na viatu vilivyokatwa kando yake. Kisha akaenda uani kuchota maji. Aliporudi, Mwasiti alikuwa ameshatoka. Viatu vilivyokatwa vilikuwa pale pale alipoviacha. Mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri, mtupu.

Tunu aliuokota, akatoka mbio na kanga moja. Alimwona chini, karibu anaingia bondeni, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, viatu vyeusi vinameta.

"Mwasiti! Vua viatu! Tope hilo, unaviharibu!"

Mtoto alisimama, akageuka. Hakurudi.

"Siwezi, mama," alisema. "Watanipiga picha."

Tunu alisimama na mfuko mtupu mkononi. Mwasiti aliingia topeni kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Tope likapanda likapita mkanda, likaingia ndani, na mtoto akaendelea kutembea, uso mbele, bila kuinama kutazama miguu yake.