Verlin na Mkongojo wa Bibi

Katika yadi ya malori ya Sedalia, Missouri, madereva walikuwa wa makundi mawili: wanaoinama na wasioinama. Verlin Stuckey alikuwa mkuu wa wanaoinama. Cheo hicho alijipa mwenyewe, na hakuna aliyegombea naye.

Kazi yenyewe ni hii. Ukitaka kuliacha tela lako, unazungusha wenzo miguu ya tela ishuke chini, unachomoa paipu za upepo zinazotoka kwenye kichwa cha lori, halafu unaingiza mkono chini ya tela, kati ya matairi na girisi, unatafuta hendeli ya komeo na kuivuta. Komeo likifunguka, kichwa kinaondoka na tela linabaki. Verlin alivuta hendeli hizo kwa mkono mtupu miaka thelathini na minne. Kwenye yadi yote, shati lake ndilo lililokuwa limelowa girisi kuliko mashati mengine, naye alilivaa kama askari anavyovaa nishani.

Wasioinama walitumia kulabu: fimbo ya chuma yenye mshikio huku na ndoano kule. Unasimama wima kama mtu anayesubiri kahawa, unanasa hendeli, unavuta. Za pale yadini alizichomelea Lurleen Maddox kwenye banda la nyuma ya nyumba yake, na kuzipaka rangi ya njano. Lurleen alikuwa mwanamke mfupi, hata akivaa buti, na alikuwa ameendesha malori kwa miaka kumi na tisa.

Kila alipomwona na kulabu yake, Verlin alipaza sauti mpaka watu wa kwenye pampu ya dizeli wasikie. "Bibi! Umeusahau mkongojo wako, au leo magoti hayaumi?"

"Mzee, shati lako lina girisi mpaka kwenye kola," Lurleen alimjibu. "Mkeo anakufulia au anakukwangua?"

Basi jina likashika. Kulabu ikaitwa mkongojo wa bibi, na Verlin akawa anamwambia kila dereva mpya: "Anayetumia mkongojo hajaachia tela. Amesaidiwa."

Waswahili tunasema mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa Verlin haukuwa mguu, lilikuwa bega.

Ilikuwa mwezi wa nne. Hendeli iligoma. Hata mtoto wa dereva anajua kwamba hendeli ikigoma, unapanda ukirudishe kichwa nyuma kidogo, uzito uachie komeo. Verlin alijua. Lakini Lurleen alikuwa amesimama kando ya tela la pili, anatazama, na Verlin hakutaka aonekane anashindana na chuma kisha anakwenda kukibembeleza. Akavuta kwa hasira. Bega likalia kah! kama kuni kavu. Daktari akamwambia mkono ule usivute kitu mpaka majira ya baridi. Verlin akamshukuru, akaikunja karatasi yake, akaificha kwenye boksi la chambo za kuvulia kambare, mahali ambapo mkewe Oleta hagusi.

Tangu siku hiyo akawa anafika yadini kabla ya wenzake. Akafungua mkanda wa suruali, akaufunga kwenye hendeli, akajitupa nyuma na uzito wake wote. Komeo lilifunguka. Ila mara mbili suruali ilitaka kumwacha kabla ya tela.

Hapo ndipo bosi wao, Wade Ketterling, alipobandika karatasi mlangoni: Ijumaa, kila dereva aliyepita miaka sitini ataachia tela mbele yake, mwenyewe, bila kusaidiwa. Atakayeshindwa atahamia ofisini kupokea simu. Meza iliyokuwa wazi ilikuwa jirani na ya Wade, na Wade alitafuna barafu kutwa nzima, kra, kra, kra. Verlin aliisoma karatasi ile mara tatu. Aliona usukani wake unaondoka na barafu inakuja.

Kwa mkanda asingeweza, kwa sababu bosi angekuwa anatazama. Kumwomba Lurleen kulabu, afadhali afe. Alhamisi akaingia gereji, akatoa fimbo ya gofu aliyozawadiwa na kampuni alipotimiza miaka ishirini. Hajawahi kucheza gofu hata siku moja. Akakata kichwa cha fimbo, akachomelea ndoano ya marehemu baba yake ya kubebea marobota ya nyasi.

Oleta akatokea mlangoni. "Mume wangu, unatengeneza nini?"

"Cha kuvulia samaki."

"Samaki gani huyo, nyangumi?" Akaichukua, akaigeuza, akaitazama ndoano, akalitazama bega lake. "Mbona huu ni mkongojo wa bibi!"

Oleta akamrudishia. "Na lile boksi la chambo linanuka, Verlin, ndiyo maana nilitaka kulitupa wiki iliyopita. Nimeisoma karatasi ya daktari. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Ijumaa Verlin akafika na fimbo ameichomeka ndani ya suruali, kwenye mguu wa kulia. Akavuka yadi mguu umekakamaa, anatembea kama korongo.

"Mzee, na mguu nao umeanza?" Lurleen akamuuliza.

"Baridi tu."

"Baridi ya mwezi wa sita?"

Wade akasimama na kikombe chake cha barafu. Verlin akapanga lori, akafunga breki, akashuka. Kwa miaka yote alikuwa na wimbo wake: miguu, paipu, komeo. Hakuwahi kuupindua. Akaizungusha miguu ya tela kwa mkono wa kushoto, taratibu. Ikagusa chini. Na hapo hapo simu ya Wade ikalia, Wade akageuka kuipokea.

Nafasi ndiyo ile. Verlin akachomoa fimbo, akaipitisha chini ya tela, akanasa, akavuta kwa kushoto. Klak! Laini kama kufungua friji. Hakuinama, hakuchafuka, bega halikusema neno. Miaka thelathini na minne, jamani! Furaha ikampanda kichwani. Akairudisha fimbo ndani ya suruali, akarukaruka mpaka mlangoni, akapanda, akaondoa lori kama bwana harusi.

Kitu kikagonga boneti, gwa! gwa! gwa! Lurleen alikuwa amesimama mbele ya lori na kulabu yake ya njano, anaponda.

"Simama, we mzee! Simama! Paipu!"

Verlin akakanyaga breki. Kwenye kioo akaziona paipu za upepo zimevutika kati ya kichwa na tela, nyembamba kama nyuzi za gitaa. Hatua moja zaidi zingekatika. Zamani alipoinama, zilikuwa zinamgusa shingoni, zinamkumbusha. Leo hakuna kilichomgusa.

Akateremka. Fimbo nayo ikateremka, ikatokea chini ya suruali, ikalia kwenye lami mbele ya watu wote.

Wade akaiokota. "Hii si ile ya gofu niliyokupa?"

"Ndiyo, bosi."

"Nikawa najiuliza mbona huchezi." Akatafuna barafu. "Sasa ulikuwa unaificha ya nini?"

"Si umeandika bila kusaidiwa?"

"Bila mtu kukuvutia! Kulabu ni mtu? Nani kakwambia kulabu hairuhusiwi?"

Yadi nzima ikamgeukia Verlin. Verlin akatazama buti zake.

"Alituambia yeye mwenyewe," Lurleen akasema. "Tena kwa sauti."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wade akampa Verlin fimbo yake. "Rudia. Na safari hii uimbe wimbo wako, nikusikie."

Verlin akarudisha kichwa chini ya tela, komeo likafunga. Halafu akaanza upya, mbele ya wote, fimbo mkononi. "Miguu," akasema. "Paipu." Akazichomoa, akazitundika. "Komeo." Klak. Akakiondoa kichwa polepole, tela likabaki limesimama. Wade akakunja karatasi yake akarudi ofisini, na ile meza ikabaki wazi.

Lurleen alikuwa bado pale. Verlin akajikuna shingo. "Lurleen. Hii yangu ni fupi."

"Naiona."

"Ungeweza… kuniongezea kidogo?"

"Omba vizuri. Sema unaomba nini."

Akavuta pumzi. "Naomba uniongezee mkongojo wangu, bibi."

"Lete Jumapili, babu."

Jioni ile Oleta alimpokea shati mlangoni, akalikagua kola, akalinusa. Lilikuwa safi.

"Verlin," akasema, "leo ulikwenda kazini kweli?"