Tembe la Baba Kule Nyamira

Mvua ya saa tisa ikianza kupiga mabati, mimi huacha ninachokifanya. Hata kama ugali uko mekoni, nauacha uungue. Wenzangu husema sauti hiyo huwaletea usingizi. Mimi huniletea baba yangu, amesimama juu ya paa na koleo mkononi, analowa.

Baba alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mama ni Mkisii wa Nyamira, alikwenda Tanzania kutafuta kazi akaolewa huko. Nilipokuwa na miaka minane, ukame ulitumalizia ng'ombe wote, na nyanya yangu mzaa mama akatuma salamu kwamba kuna kipande cha shamba mteremkoni, tuje tukae. Tukavuka mpaka na magodoro mawili, mdogo wangu akiwa mgongoni kwa Mama.

Sasa, kwa Wakisii, mwanamume kuhamia kwa wakwe zake ni aibu ya kuongelewa sokoni, na Baba alilijua hilo kabla hajashuka garini. Kwa hiyo alikataa kila kitu. Mjomba Nyakundi, kaka yake Mama, alimpa mabati, akakataa. Akamwambia stima imefika barabarani, akakataa. "Nikilala chini ya bati lako, shemeji, nitakuwa mtoto wako," alisema, akicheka kidogo. Tungekunywa maji ya chemchemi, tungewasha kijitaa cha sola, na nyumba angeijenga mwenyewe kwa miti na udongo, kama kwao.

Kama kwao maana yake ni tembe: nyumba fupi, kuta nene, na paa bapa la fito na nyasi, juu yake udongo. Tulikanyaga tope kwa miguu mwezi mzima. Majirani walisimama kutazama. "Ati hii nyumba haina kichwa?" aliuliza mama mmoja aliyebeba kikapu cha majani chai, na jina likashika. Mama aliendelea kukandika ukuta.

Januari ilikuwa kavu, na Baba akawa mfalme. Tulianika wimbi juu ya paa, tukakaa huko mimi na yeye tukila ndizi za kuchoma, akinionyesha Dodoma iko wapi. Nilikuja kugundua ukubwani kwamba alikuwa akionyesha Uganda. Mbuzi wa jirani naye akagundua kuwa kutoka mteremkoni ni hatua moja tu kufika paani, akala wimbi letu hadi Baba akamfukuza kwa kofia. Jamani, sijacheka vile tena.

Kisha ikaja masika. Mnaoijua Kisii mnajua kwamba huku mvua haiji kutembea, inahamia. Punje za wimbi zilizosalia ziliota, paa likawa kijani. Maji yakadondoka kwenye sufuria, kwenye beseni, kwenye blanketi. Kwao Baba, paa likivuja unaongeza udongo. Akaongeza. Kila mvua alipanda na koleo, na kila alipoongeza, boriti iliyokuwa juu ya kitanda cha mdogo wangu iliinama zaidi. "Ya nyumbani hayatoki nje," alituonya. "Siri ya mtungi aijuaye ni kata."

Alasiri moja ile boriti ililia kama kuni inayovunjwa gotini. Nilitoka mbio.

"Unaenda wapi, mwanangu?" Baba aliita kutoka juu.

"Kuteka maji."

Jerikeni sikuwa nalo. Aliitazama mikono yangu mitupu kwa muda. "Haya," akasema, "usichelewe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mjomba, nikasema yote. Kesho yake walifika vijana wa kanisani na mabati, misumari na nyimbo. Walitenda wema, sikatai. Kufikia saa nane paa la Baba lilikuwa rundo la tope kwenye migomba. Yeye walimpa kazi ya kushika ngazi. Aliishika. Alisema, "Asante sana, shemeji," na sauti ile sikuipenda.

Siku ya tatu alisema anakwenda kuona kaburi la mama yake. Alibeba gunia, nikadhani ni nguo. Hakurudi. Mama hakunilaumu hata siku moja, na heri angenilaumu.

Dodoma nimerudi mara moja tu, kumzika. Kando ya tembe lake nilikuta mashina matatu ya migomba, yamekauka, kila moja limezungushiwa mawe. "Miche aliitoa kwenu," shangazi akaniambia. "Akainyweshea maji ya kununua, dumu kwa dumu. Tukamwambia hapa ndizi haikubali. Lakini baba yako unamjua, mbishi."

Nililia pale kwenye migomba kuliko nilivyolia kaburini.

Boriti ingemuua mdogo wangu, hilo najua, na hata leo ningekimbia. Lakini ningepanda ngazi kwanza, nikae karibu yake kwenye tope, nimwambie, Baba, paa linavunjika. Labda angeshuka akaenda kwa Mjomba kwa miguu yake mwenyewe. Labda. Aliniuliza naenda wapi, na alikuwa ameshajua. Mimi nikamjibu maji.