Nilikaa Nashona Sare, Wao Wanamzika Mwalimu Wangu

Jamani, mnicheke mkitaka, mnitukane mkitaka. Nilimharibia jina mwalimu wangu kwa mdomo wangu huu, kisha hata kumzika sikumzika. Jina langu silitaji. Tukuyu ni mji mdogo, wa kunijua watanijua tu.

Yeye nitamwita Bi Zuhura, ingawa si jina lake. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani wakafuata biashara huku kwenye baridi. Mimi ni Mnyakyusa wa Kinyala, Mkristo. Nilifika kwake nikiwa msichana niliyefeli shule, hata mkasi sijui kuushika.

Alinifundisha kupima, kukata, kutia bitana, kugeuza kola. Nikikosea hakugomba. Alinisogezea nguo akasema, "Fumua, mwanangu," kisha akaenda kuchemsha chai. Alinitania kwamba sisi Wanyakyusa tumezoea ndizi, ndiyo maana hata mikono ya gauni naishona imepinda.

Tukawa marafiki hasa. Siri zangu zote alikuwa nazo. Mama yangu alipofariki, Bi Zuhura alilala chini kwetu Kinyala mpaka matanga yakaisha, anamenya ndizi na wanawake wa kwetu kama mwenyeji.

Halafu nikafungua kibanda changu. Siku moja mama mmoja akaja na vitenge vya harusi, anasitasita, anataka avipeleke kwa Bi Zuhura. Nikamwambia, "Yule macho yamekwisha. Atakuharibia kitambaa."

Uongo mtupu! Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu mpaka siku ya mwisho. Lakini maneno yalizunguka soko zima, wateja wakaanza kumkimbia, na yeye akajua yametoka kwa nani. Hakuniuliza kitu. Mimi nikawa napita upande wa pili wa soko ili tusionane.

Akaja kuugua. Salma, binti wa kaka yake, akanifuata kibandani.

"Dada, shangazi anakuulizia. Anasema uje umtungie uzi kwenye sindano."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisuta au ananisamehe. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikajiambia mvua inanyesha. Mvua! Tukuyu hii, nani aliwahi kungoja mvua iishe ndipo atoke?

Asubuhi moja Salma akapiga simu, analia. "Dada, shangazi ametutoka. Njoo upesi."

Nililia mpaka nikakaa chini. Kisha nikafanya ujinga wangu mkubwa. Kwetu mtu akifa tunangoja. Ndugu wa Dar wafike, wa Mbeya wafike, jeneza lije, watu wapange mstari kumuaga. Nikapanga moyoni kwamba nitasimama mbele ya uso wake, nimwombe radhi pale pale, watu wote wasikie. Na nisisimame na nguo ya sokoni. Nikatoa kitambaa cheusi, nikaanza kujishonea sare ya msiba.

Nilikuwa nimeishi na Waislamu miaka yote ile! Nilikuwa najua kwamba wao hawalazi maiti, nimeshaona mara nyingi. Siku ile sikutaka kukumbuka. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kwenda, na cherehani ilinipa sababu ya kukaa. Nikashona taratibu, nikatia na bitana.

Nilipofika, jua limeshapinda. Wanaume walikuwa wanarudi, viatu vimejaa udongo mwekundu. Ndani wanawake wamekaa kwenye mikeka. Salma akanitazama.

"Tumeshamzika, dada."

"Mbona hamkunisubiri?"

"Sisi hatusubiri. Si unajua?"

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama shangazi yake aliacha neno lolote juu yangu. Kama alisema amenisamehe.

"Hakusema," akajibu. "Alikuwa anauliza tu kama umefika."

Nikakaa ukutani. Bibi mmoja wa Kinyakyusa, jirani yao, akanishika kiwiko, akapapasa pindo la gauni langu.

"Gwe mwana, wewe mtoto, nguo imekukaa hii! Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe, bibi."

"Lini?"

Wanawake wote wakanigeukia, wananisikiliza. Salma naye akainua uso.

"Leo," nikasema.

Bibi akauachia mkono wangu. Hakuna aliyenisemesha tena mpaka nikaondoka.

Baadaye nilikwenda makaburini peke yangu. Nikakuta makaburi mapya mawili, yamefanana, hayana jina. Nikaona haya kumuuliza Salma lipi ni la mwalimu wangu. Nikasimama katikati, nikaomba radhi, sijui nimemgeukia nani. Sikuona nafuu yoyote, na sidhani kama nitaiona. Wateja wananisifu, mimi nikisikia sifa natamani kuzima cherehani.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu umemkosea na bado anapumua, nenda. Usingoje Jumamosi, usitafute nguo. Nenda na kanga uliyojifunga hapo ulipo, na unga mikononi, umkute akiwa bado anaweza kukutukana.