Theodosia na Ghala la Vitunguu la Keza

Watu wa Keza waliendelea kumwita Karani hata baada ya kazi yenyewe kwisha. Kwa miaka kumi na mmoja Theodosia alikaa mlangoni mwa ghala la kahawa la chama cha msingi akipokea magunia, na ilijulikana kijiji kizima kwamba kahawa mbichi haimpiti. Alikuwa akichota punje moja, anaiuma, anasikiliza. Ikivunjika kwa mlio, aliandika. Ikinyamaza, alisema, "Irudishe juani," basi. Hata ungekuwa mjomba wake.

Kisha chama kikaungana na kingine, ghala likahamishiwa mbali, naye akarudi kwenye migomba yake na kipande cha bonde alichoachiwa na baba yake. Wenzake walidhani jembe litamshinda. Halikumshinda. Kilichomkera kilikuwa kitu kingine. Kila Agosti bonde lote lilivuna vitunguu kwa wakati mmoja. Malori yakashuka, wanunuzi wakajaza lumbesa mpaka gunia likaota mabega, na wakulima wakakubali bei yoyote, maana kitunguu hakimsubiri mtu. Halafu siku moja ya Januari alimtuma binti yake, Nice, dukani. Nice akarudi na vitunguu vitatu vidogo kama ndimu.

"Vimetoka wapi hivi?" mama yake aliuliza.

"Mwenye duka anasema Singida."

Theodosia akavitazama vile vitatu kiganjani. Sisi wa Keza, akawaza, tununue kitunguu cha Singida! Jioni hiyohiyo alimwambia mumewe, Frednand, kwamba atajenga ghala.

Frednand alikuwa fundi uashi, mtu wa maneno machache. Aliuliza jambo moja tu: "La vitunguu? Umewahi kuliona?"

"Ghala ni ghala. Mimi nimekaa ghalani miaka kumi na mmoja."

Hapo ndipo alipokosea, na siku hizi anasimulia hivyo mwenyewe bila kuona haya. Walijenga ghala zuri la matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, dirisha moja dogo, mlango wa chuma. Wakulima kumi na wanne wakaleta vitunguu, vingine vimeng'olewa asubuhi ileile, udongo haujadondoka. Akavipanga kama alivyozoea kupanga kahawa, gunia juu ya gunia mpaka karibu na bati. Akafunga, akaenda zake kwa moyo mweupe.

Wiki ya tano, akipita kwenda kisimani, alisikia harufu. Alipofungua mlango joto lilimpiga usoni kama la chungu kilichofunuliwa. Magunia ya chini yalikuwa yanachuruzika maji. Ya katikati yalikuwa yameota, machipukizi ya kijani yametoboa nyuzi za gunia.

Mwingine angefunga mlango akatafute la kusema. Theodosia aliuacha wazi, akawaita wenye mali wote waje waone kwa macho yao. Wakaja, wakasimama wameziba pua.

"Kosa ni langu," aliwaambia. "Nimetunza kitu nisichokijua. Chambueni vilivyo vizima mgawane. Na vyangu vimo humo, navyo chukueni."

Wakachukua. Wengine walisonya. Mmoja alicheka, na kicheko hicho kilimuuma kuliko misonyo yote.

Frednand alishauri ghala liwe banda la mbuzi.

"Mbuzi wasubiri," alisema Theodosia. "Vimeoza vitunguu. Wazo halijaoza."

Oktoba hiyo alikwenda Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, Felisita, aliyeolewa kule. Jirani wa Felisita alikuwa mzee Bulugu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma, fundi seremala. Uani kwake palisimama kihenge cha mahindi juu ya miguu ya miti. Pembeni, chini ya paa la nyasi lisilo na ukuta, kulikuwa na chanja mbili za mabanzi, na juu ya chanja, vitunguu. Vyekundu, vikavu, vinang'aa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Mbona unavitazama vitunguu vyangu kama umemwona ndugu yako aliyepotea?"

"Umevivuna lini?"

"Mwezi wa saba."

Theodosia akachukua kimoja, akakibonyeza. Kigumu kama jiwe. Ndipo akamweleza habari zote, na harufu, na kicheko. Bulugu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kahawa uliyokuwa ukipokea ilikuwa imekwisha kufa," alisema. "Kitunguu ki hai. Kinapumua, kinatoa jasho. Wewe umevirundika chumba kimoja ukavifungia. Vingefanya nini?" Akainua kitunguu, akaonyesha ile sehemu nyembamba inayoshika majani. "Na hii shingo ndipo uozo unapoingilia. Ngoja majani yalale yenyewe shambani. Ng'oa, vitandaze kivulini siku kumi, wiki mbili, mpaka shingo isinyae. Kabla ya hapo unajidanganya."

Theodosia akafinya shingo ya kitunguu kile kati ya vidole viwili, akafinya ya kingine, na ya kingine. Felisita alituma mtu mara mbili kumwita kwenye chakula kabla hajaondoka pale.

Mwezi wa tano uliofuata, kwa mwaliko wa Theodosia, Bulugu alikuja Keza na msumeno, randa, na mkewe Magdalena, aliyesema hawezi kumwacha mzee ale ndizi wiki tatu bila ugali. Alilizunguka ghala, akagonga ukuta, akamwambia Frednand, "Fundi, ukuta wako ni mzuri sana. Tuutoboe."

Frednand aliutazama ukuta wake kama mtu aliyeambiwa achinje ng'ombe wa mahari. Kisha akachukua tindo na nyundo mwenyewe. Hakutaka mkono mwingine uguse kazi yake. Aling'oa tofali moja, akaacha moja, pande zote nne. Mapengo wakayaziba kwa wavu wa kuku. Paa likarefushwa nje ili mvua isirushe maji ndani. Na ndani, badala ya magunia, Bulugu akapandisha chanja za mikaratusi, ngazi nne, kila moja ya kutandaza vitunguu kimo cha mkono tu. Lilipokwisha, ghala lile lilifanana na kapu kuliko nyumba, na upepo wa jioni ulipita ndani yake bila kubisha hodi.

Agosti wakaanza kupokea. Waliorudi walikuwa tisa kati ya wale kumi na wanne, na wapya sita. Siku ya tatu pikipiki mbili zilipanda kijia na magunia manne. Nyuma yake akaja kwa miguu Genoveva, mama mzazi wa Frednand.

"Haya ni yangu, mama Nice. Niandikie."

Theodosia akamwamkia, akafungua gunia, akafinya shingo ya kitunguu cha juu. Maji yakamlowesha kidole. Watu wapatao kumi walikuwa kwenye foleni, na wote walikiona kile kidole.

"Mama, hivi bado. Vinataka siku kumi kivulini."

"Siku kumi? Nimeving'oa jana kwa mgongo huuhuu!"

"Najua, mama. Pole."

"Hapa si kwa mwanangu?"

"Kwa mwanao ni pale nyumbani, mama. Hapa ni kwa watu wote."

Genoveva aliwageukia wenye pikipiki, akawaonyesha njia ya kurudi kwa kidevu tu. Mtu wa pili kwenye foleni alifungua gunia lake mwenyewe, akafinya shingo, akalifunga tena na kuondoka nalo bila kuambiwa.

Jioni Frednand alikula bila kuinua macho. "Umemwaibisha mama," alisema mwishowe.

"Nimemwaibisha. Mwaka jana niliona haya kuuliza, nikawaozeshea watu mali. Kesho asubuhi nitakwenda kwake. Lakini vile haviingii."

Asubuhi alikwenda na turubai begani. "Shikamoo mama." Hakuitikiwa. Akatandika turubai chini ya upenu wa jiko, akamimina vitunguu, akavitandaza kimoja kimoja, akaaga, akaondoka. Kesho yake akaenda kuvigeuza. Na kesho kutwa. Siku ya nne alikuta kigoda kimewekwa pale anapoinama, ingawa mwenyewe hakuonekana. Siku ya saba Genoveva aliitikia marahaba akiwa ndani. Siku ya kumi na moja alitoka, ameshika kitunguu, akamnyooshea mkwewe.

"Na hiki nacho utakikataa?"

Theodosia akafinya. Shingo ilikuwa kavu kama uzi wa mgomba.

"Hiki nakipokea kwa mikono miwili."

"Basi vibebe. Na mimi nitakuja huko kuangalia unavyovilaza. Nisije nikaletewa supu."

Akaja kweli, na tangu siku hiyo hakuacha. Kila Jumatatu na Alhamisi Genoveva aliketi ghalani na wanawake wawili wakipitia chanja, wakitoa chochote kilicholainika au kilichoanza kuota. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya Theodosia, na hakumwonea haya mtu: mwenye kitunguu kibovu alisikia jina lake likitajwa mpaka kisimani.

Desemba mvua zilikuwa zimekolea na vitunguu vimeadimika. Mnunuzi mmoja, Desderius, alipanda na lori kutoka Ngara mjini baada ya kusikia uvumi. Alipita kati ya chanja, akichukua hiki, akirudisha kile, asiamini. Katika kila magunia kumi, lililopotea halikutimia moja. Akaagiza watu wake wajaze lumbesa.

"Gunia letu linafungwa mdomoni," alisema Theodosia.

"Karani, kote wananijazia."

"Kote huko kuna vitunguu leo?"

Desderius akacheka, akawaambia watu wake wafunge mdomoni. Wakulima saba waliuza siku ile. Wanane walisema wao watangoja Januari, na walilisema hilo wakiwa wamekaa, mguu juu ya mguu.

Februari wakaja watu watatu kutoka Nyakisasa, wanataka ghala kama lile. Theodosia aliwaeleza kwanza habari za mwaka wa maji na harufu, asiruke kitu, ndipo akapanda nao pikipiki. Kule wakamwonyesha kiwanja walichokwisha kukisafisha: tambarare, karibu na barabara, kimezungukwa na miti mikubwa, kimetulia kabisa. Akakipita. Akapanda mpaka juu ya kilima, kitenge kikipepea na kumchapa miguuni, akasimama.

"Hapa," alisema.

"Mama, hapa upepo haukatiki hata siku moja," alilalamika mmoja wao, akishika kofia yake.

"Kumbe unajua," alisema Theodosia, na tayari alikuwa anapima kwa hatua.