Pasi Nyuma ya Kioo

Umewahi kupandishwa ndege ili ukaoneshwe pasi? Shangazi yangu amewahi. Yeye ni dobi. Kwa pasi ya mkaa alimsomesha mwanawe mpaka akaajiriwa benki, na sasa mwana anaona haya mama kunuka moshi. Akaamua kumpeleka mji wa kale, atembezwe makumbusho, ajionee kwamba wakati wake umepita. Mimi nilichukuliwa kubeba mizigo. Wakaguzi uwanjani walipofungua begi lililonitegua bega, wakakuta pasi.

"Fundi hasafiri bila mikono yake," shangazi aliwaambia.

Katika jumba la tatu tuliikuta pacha ya pasi ile nyuma ya kioo, na kijogoo chake cha kufungia juu ya kifuniko.

"Umeona, mama?" binamu alisema. "Hiyo ni historia."

"Nimeona, baba. Ina taa yake na askari wake. Kompyuta yako inalindwa na nani?"

Askari alicheka. Binamu hakucheka. "Mama, nakuomba, acha kazi hii. Wenzangu wananisema."

Shangazi alinywea. "Haya. Tukirudi nitaacha."

Damu ilinichemka. Tunavijengea vyombo majumba ya marumaru, kisha tunawaonea haya wanaovishika!

Kesho yake asubuhi umeme ulikatika, na binamu alikuwa na kikao cha benki mjini humo. Nilimkuta uani mwa nyumba ya wageni, kifua wazi, amechuchumaa akipuliza makaa ndani ya pasi. Shangazi alisimama kando na shati la mwanawe lenye makunyanzi.

"Taratibu, baba," alimwambia. "Hiyo ni historia."