Jumamosi Ni ya Baiskeli

Mama yangu mdogo ameuza ndizi mahali pamoja tangu nikiwa kidato cha pili: kando ya barabara, pale mteremko mkubwa wa mji wa Kisii unapoishia kabla hujafika sokoni. Nikitoka shule nilimpitia, naye alinipa ndizi iliyoanza kupata madoa, zile ambazo wateja huzikataa na ndizo tamu kuliko zote. Baadaye nikaondoka. Nimeishi Mombasa, Kitale, Mwanza, kisha Mombasa tena kwa sababu nilisahau kwa nini niliihama. Kila niliporudi nyumbani nilikuta kitu kimebadilika: duka la viatu limekuwa benki, benki imekuwa kanisa. Yeye tu nilimkuta palepale, juu ya gunia lilelile, au mtoto wa gunia lile.

Safari hii ya mwisho, nikiwa nimepita miaka arobaini na bado nina begi moja, nilikuta mji umepata baiskeli za kijani.

Zilikuwa za vijana wa kampuni changa kutoka Nairobi. Unafungua apu kwenye simu, kufuli inaachia, unapanda, unaenda unakotaka, unaiacha hapo kando ya njia. Hawakujenga duka wala banda. Duka lao lilikuwa njia yetu ya miguu. Mimi nililisifu sana wazo hilo, maana walinipa kazi.

Kazi yenyewe ilitokana na jambo ambalo vijana hawakuliona. Mji wetu waliusoma kwenye ramani, na kwenye ramani kila mahali ni tambarare. Watu wa Kisii si wajinga. Walichukua baiskeli kule juu, wakateremka koti likipepea, wakaziacha chini, jioni wakarudi juu kwa bodaboda. Kabla ya chai ya saa nne baiskeli zote zilikuwa zimesongamana chini kama ng'ombe kwenye josho, na kule juu hata kengele moja haisikiki. Ndipo nikaajiriwa kuzisukuma kupanda, mbili mbili, moja kila mkono.

"Umezunguka dunia yote, tata," mama mdogo aliniambia. Ndivyo mama zetu wanavyotuita sisi wa kiume, hata tukiwa na mvi. "Halafu umerudi kusukuma baiskeli ambayo huipandi?"

"Nikiipanda itashuka, mama. Nitaanza upya."

"Kwa hivyo wanakulipa usipande." Akatikisa kichwa. "Kweli wewe umetafuta kazi mpaka ukaipata."

Tulicheka hivyo kwa majuma kadhaa. Kisha kampuni ikataka kituo rasmi cha kule chini.

Walikuja kupima Jumamosi, kwa sababu Jumamosi njia ina nafasi. Ni kweli, ina nafasi. Mama mdogo ni Msabato, na jua la Ijumaa likishatua hagusi ndizi ya biashara mpaka la Jumamosi nalo litue. Kabla ya kwenda nyumbani Ijumaa hufagia mahali pake pote, kana kwamba napo panaenda kanisani. Basi vijana wakakuta pamefagiliwa, pana kivuli, hapana mtu. Wakapiga picha, wakafurahi, wakagongomea kibao chao ukutani.

Jumapili alipofika na ndizi zake kutoka soko la Nyaramba, alikuta safu ya baiskeli imekaa alipokuwa akikaa yeye. Nami nilikuwa hapo, nimeshika mbili.

"Nani ameziweka hapa?"

"Ni kazi tu, mama."

"Sijauliza kama ni kazi. Nimeuliza ni nani."

Alihamia pembeni, mdomoni mwa mtaro. Hapo hakuna kivuli, na wapita njia huangalia miguu yao wasitumbukie. Mtu anayeangalia miguu haoni ndizi. Wiki ile alinipa ndizi za madoa nyingi kuliko nilivyoweza kula, na hapo nikajua mambo ni mabaya. Biashara yake nzima ilikuwa zile hatua chache za kivuli. Wateja wa miaka yote walijua mahali, wengi hawakujua hata jina lake.

Askari wa mji, ambaye sisi sote tunamwita kanjo, alikuja kumkatia tiketi ya ushuru wa siku kama kawaida.

"Na hizi?" Mama mdogo akaonyesha baiskeli kwa kidole chenye utomvu. "Hizi unazikatia?"

"Hizo si wachuuzi, mama."

"Sasa zinafanya nini hapa? Zinaomba?"

Kanjo akacheka sana. Tiketi akaikata vilevile.

Kijana mkuu wa kampuni naye alipopita, alimwambia kwa upole, "Mathe, njia ni ya umma."

"Hata mimi ni umma," akajibu. "Na nilifika mapema."

Malalamiko yalikuwa mengi, si yake peke yake, kwa hiyo ofisi ya mji ikaita kikao cha kusikiliza wananchi. Kulikuwa na soda na mkate, kwa hiyo wananchi walikuwepo. Afisa aliyeongoza alikuwa mama mmoja wa miwani, asiye na haraka. Kijana wa kampuni akaonyesha picha ukutani: mahali pa mama mdogo, safi kama meza ya bwana harusi.

"Mnavyoona," akasema, "hapa hapakuwa na mtu anayepatumia."

Mama mdogo akasimama, akarekebisha leso yake.

"Kijana wangu, hiyo picha ulipiga siku gani?"

"Jumamosi, mathe."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata Wakatoliki walipiga meza.

"Basi nipe hiyo simu," akaendelea, "niende nipige picha kanisa letu Jumatatu. Nikilikuta halina mtu, nifungue humo ndani duka la ndizi."

Kijana naye akacheka, masikio yamemshika moto, na kwa hilo nikampenda. Mama wa miwani alisubiri kelele ziishe, akasema anayefanya biashara juu ya njia ya umma ataomba kibali na kulipia, awe ana miguu au magurudumu. Baiskeli zitakaa ndani ya mistari itakayochorwa mahali palipo wazi kweli. Na pale penye ugomvi, siku sita ni za ndizi, Jumamosi ni ya baiskeli.

"Kuanzia saa ngapi?" kijana akauliza, kalamu mkononi.

"Jua lenyewe litakuambia," akasema afisa.

Nimezunguka miji mingi, lakini sijaona mwingine ambako maegesho yamepimwa kwa amri ya nne, ile ya Sabato, ambayo Wakatoliki, kwa sababu zao, wanaihesabu ya tatu.

Jumapili iliyofuata niliwahi mapema kuliko yeye, kuona kama uamuzi umefuatwa. Pale pote palikuwa peupe, isipokuwa baiskeli moja yenye pancha, iliyokosa wa kuiondoa. Mama mdogo alifika, akaizunguka, akaitazama kama mgeni aliyelala bila kuaga. Nikajiandaa kusemwa. Yeye akatundika chane ya ndizi mbivu kwenye usukani, akatandika gunia lake kivulini, akaketi.

Kanjo akatokea, akaona magurudumu, akasimama.

"Mama, leo si siku ya ndizi?"

"Ni siku ya ndizi."

"Na hii?"

"Hii ni mteja," akasema. "Inangoja huyu aipandishe nyumbani."

Akachomoa ndizi moja ya madoa, akanipa. Nikaila nikisukuma.